Majani ya Stowe: Fuata Mlima, Usifuate Tarehe

Kila mwaka, Agosti ikielekea ukingoni, ndugu zetu wanaoishi Boston, New York, Toronto na Montreal huanza kuulizana swali lile lile: mwaka huu majani ya Vermont yatakolea rangi tarehe ngapi? Swali ni la haki. Anayeuliza ana kazi, ana watoto shuleni, na likizo yake ni ya siku chache. Lakini ndilo swali linalowaharibia wengi safari. Mtu hujiwekea tarehe moja kichwani, akalipia chumba kwa bei ya kuumiza, akakaa saa mbili kwenye foleni ya magari, kisha akarudi nyumbani akilalamika kwamba majani yalikuwa bado mabichi, au yalikuwa yameshapukutika. Ushauri wangu kwa anayekusudia kwenda Stowe, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa jimbo la Vermont, ni kwamba aache kuiwinda tarehe. Ajifunze kuutumia mlima.

Stowe ina wakazi wapatao 5,000. Barabara mbili zinakutana katikati ya mji, maduka ni ya kutembelea kwa miguu, na kitu cha kwanza kinachoonekana ukiwa mbali ni kanisa jeupe la mbao lenye mnara mrefu uliochongoka. Upande wa kaskazini-magharibi umesimama Mlima Mansfield, mrefu kuliko yote Vermont, wenye kimo cha takriban mita 1,340. Kwa aliyezoea Kilimanjaro, Kenya au Rwenzori hicho ni kimo kidogo. Hata jiji la Nairobi liko juu zaidi, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kinachofanya msitu wa Stowe uwe vile ulivyo si urefu wa mlima peke yake. Ni kwamba mji uko zaidi ya nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, mahali ambapo mwishoni mwa Septemba mchana hupungua karibu dakika tatu kila siku inayopita. Kwetu, karibu na ikweta, mti haupati taarifa kama hiyo, kwa sababu Januari na Julai mchana ni karibu ule ule.

Aliyekulia pwani anaujua mkungu. Majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na watoto huyaokota wakitafuta kungu chini yake. Aliyekulia Tabora au Katavi ameona miombo ikivaa wekundu kabla ya mvua, ingawa pale wekundu ni wa majani machanga yanayochipua, wala si wa yanayokufa. Kwa hiyo jani jekundu si geni kwetu. Kigeni ni kuona mlima mzima ukigeuka ndani ya wiki mbili au tatu, na ndiyo sababu watu husafiri.

Yanayotokea ndani ya jani yafaa kuyajua, maana ndiyo yatakayokuonyesha kwa nini hakuna awezaye kukupa tarehe mwezi wa Agosti. Mchana unapopungua, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na kuanza kurudisha virutubisho kutoka kwenye majani kwenda kwenye shina na mizizi. Kijani kikiondoka, manjano huonekana. Manjano haya hayakuja leo. Yalikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, yamefunikwa tu. Wekundu una habari nyingine. Huo hutengenezwa upya, kutokana na sukari inayobaki ndani ya jani wakati kikonyo chake kinaanza kuzibwa. Siku za jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha hutoa wekundu mkali. Vuguvugu na mawingu ya wiki nzima huufifisha. Na upepo mkali wa usiku mmoja waweza kumaliza kazi yote.

Ukifika, okota jani moja la mepo, mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Litazame kwa makini kabla ya kulitupa. Mara nyingi utaona sehemu moja imebaki ya manjano huku pembeni pakiwa pekundu kabisa, na mstari unaotenganisha ni safi. Hapo palikuwa na jani jingine juu yake lililoziba jua, na wekundu unahitaji mwanga. Mpe mtoto kazi ya kutafuta majani yenye alama hizo. Atakaa msituni saa nzima bila kuomba simu.

Sasa nirudi kwenye mlima. Rangi haianzi mahali pote siku moja. Huanza juu, kwenye baridi, na kushuka. Kwa kawaida katika wiki ya mwisho ya Septemba miteremko ya juu huwa imeshageuka huku mjini kukiwa bado kijani kibichi, isipokuwa mepo chache kwenye maeneo ya majimaji, ambazo huwahi. Wiki ya kwanza ya Oktoba vilima vinavyouzunguka mji hukolea. Kufikia katikati ya mwezi juu kumebaki matawi matupu na misonobari, na rangi imehamia mabondeni, na zaidi upande wa magharibi kuelekea Burlington, kando ya Ziwa Champlain, ambako ardhi ni ya chini sana na baridi huchelewa. Kwa maneno mengine, aliyefika siku yoyote kati ya tarehe 25 Septemba na 15 Oktoba ana kila sababu ya kuikuta rangi mahali fulani ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari. Ukikuta mji ni kijani, panda. Ukikuta juu pamekwisha, shuka. Kila wiki ya msimu jimbo la Vermont hutoa taarifa ya hali ya majani kwa kila eneo. Isome jioni ya kabla ya kuondoka, kisha upange siku yako ya kwanza kwa kimo.

Kitu kinachostahili kuwekewa mkazo kuliko tarehe ni siku ya wiki. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, ambayo tangu 2019 Vermont inaiita Siku ya Watu wa Asili, na siku hiyo hiyo Wakanada wanaadhimisha sikukuu yao ya Shukrani. Basi wikendi hiyo Wamarekani wanapanda kutoka kusini, Wakanada wanashuka kutoka Montreal, na wote wanataka kupita kwenye makutano yale yale ya barabara mbili. Usiende wikendi hiyo. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa wengi ndiyo siku pekee ya mapumziko. Kama ni hivyo, bora uombe ruhusa kazini siku mbili za katikati ya wiki hata kwa kukatwa mshahara. Tofauti ya bei ya chumba kati ya Jumamosi na Jumanne inaweza kufidia sehemu kubwa ya hicho ulichokatwa, na njia utaikuta iko wazi.

Vyumba vya Stowe kwa msimu huu huanza kuchukuliwa miezi mingi kabla. Nyumba nyingi za wageni hazikubali usiku mmoja wa wikendi. Hutaka ulale siku mbili au tatu. Kabla ya kulipa, uliza masharti ya kughairi, na uulize bei kamili pamoja na kodi, kwa sababu jimbo hutoza asilimia 9 juu ya malazi na chakula cha hotelini, na mji wenyewe huongeza chake. Ukikosa Stowe, usikate tamaa. Waterbury iko kilomita 16 kusini, Morrisville iko jirani upande wa kaskazini, na zote mbili ni miji ya watu wanaoishi maisha ya kawaida, yenye bei za kawaida zaidi. Familia kubwa iangalie nyumba yenye jiko. Nitaeleza sababu nikifika kwenye chakula.

Kuhusu usafiri, ukweli ni kwamba bila gari utaona machache. Kutoka Boston ni mwendo wa saa tatu hadi tatu na nusu, kutoka Montreal kama saa mbili na nusu, na kutoka New York saa sita hivi. Uwanja wa ndege wa karibu ni Burlington, kama saa moja kutoka Stowe. Asiyeendesha ana njia moja nzuri: treni iitwayo Vermonter, inayotoka Washington na kupitia New York, husimama Waterbury, na sehemu kubwa ya safari yake hupita kando ya mito na mashamba, hivyo utazamaji huanza kabla hujafika. Ila panga teksi mapema. Usishuke kituoni jioni ukitegemea kuikuta nje inasubiri.

Ukiwa na gari, pakua ramani kwenye simu ungali una intaneti nzuri, kwa kuwa milimani mtandao hukatika kwa kilomita nyingi. Jaza mafuta kabla ya giza. Endesha taratibu asubuhi mapema na magharibi, maana paa wa huku huvuka bila kuangalia, na msimu huu ndio wa kupandana kwa wanyama wakubwa wa kaskazini waitwao musi. Dume la musi lina uzito wa kilo mia kadhaa, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba gari likimgonga, mwili wote huangukia kioo cha mbele.

Barabara namba 108 kutoka Stowe inapanda kupitia Smugglers' Notch, njia nyembamba iliyobanwa na miamba mikubwa kama nyumba pande zote mbili. Jina lake linatokana na magendo: mwaka 1807 serikali ya Marekani ilipopiga marufuku biashara na nchi za nje, wakulima wa Vermont waliendelea kupitisha mifugo na bidhaa hapa kwenda Kanada, walikokuwa na wateja wao. Kona zake ni kali mno, gari moja linangoja jingine lipite, na malori marefu na mabasi yamekatazwa, ingawa hata hivyo kila mwaka kuna lori linalonasa na kufunga njia kwa saa nyingi. Kama umekodi gari kubwa la kulala ndani, usijaribu. Kwa gari dogo, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, egesha kwenye maegesho rasmi, kisha tembea. Theluji ikianza barabara hii hufungwa mpaka majira ya machipuko.

Lakini siku ya kwanza usipande popote. Umechoka, na macho bado hayajazoea. Anza na njia ya watembea kwa miguu na baiskeli iliyojengwa na mji wenyewe. Inaanzia nyuma ya lile kanisa jeupe na kwenda kilomita 8 na nusu hivi, ikifuata mto mdogo na kuuvuka mara kwa mara kwa madaraja. Ni ya lami, haina miinuko ya kuchosha, na haina kiingilio. Bibi mwenye magoti mabovu ataiweza, gari la mtoto litapita, kiti cha magurudumu kitapita. Upande mmoja una mashamba ya mahindi na ng'ombe, upande wa pili vilima, na kila baada ya mwendo mfupi kuna benchi. Nenda nayo mpaka utakapochoka, urudi. Nimewaona watu waliosafiri saa sita wakipita hapa kwa gari bila kushuka, wakiwahi mahali walipopaona kwenye picha za wengine, na nimewahurumia, kwa sababu jambo lenyewe walilolifuata lilikuwa dirishani kwao.

Siku ya pili ndiyo ya kupanda. Kuna njia tatu, kila moja na watu wake. Ya kwanza ni barabara ya kulipia inayopanda kwa gari mpaka karibu na ukingo wa Mansfield. Ni ya changarawe, ina kona nyingi, na kushuka kwake kunataka gia ndogo ili breki zisichemke. Ya pili ni vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, ambavyo majira ya baridi hubeba watelezaji wa theluji. Huduma zote mbili hufungwa mwezi Oktoba wakati wowote hali ya hewa inapobadilika, kwa hiyo piga simu asubuhi hiyo hiyo. Ya tatu ni miguu yako. Kwa mtu wa kawaida mwenye viatu vya kushika, ningependekeza kilima kiitwacho Stowe Pinnacle, saa mbili hadi tatu kwenda na kurudi. Njia ina mizizi na mawe, na majani yaliyolowa juu ya mawe huteleza kuliko matope, hivyo ushuke polepole kuliko ulivyopanda. Juu kabisa kuna mwamba wazi. Bonde lote linalala mbele yako, Mansfield ng'ambo, na hapo utayaona kwa macho niliyoyaeleza: juu kahawia, katikati nyekundu na rangi ya chungwa, chini kijani kinachoanza kugeuka manjano. Ukishaona mistari hiyo hutauliza tena tarehe.

Ukifika kilele cha Mansfield, kanyaga miamba tu. Pale juu kuna mimea midogo sana ya nchi za baridi kali, iliyobaki tangu enzi za barafu, na unyayo mmoja unaua kilichochukua miaka mingi kukua. Njia ndefu inayopita kileleni hapo, Long Trail, ina urefu wa karibu kilomita 438 kutoka mpaka wa Massachusetts hadi Kanada. Ujenzi wake ulianza 1910 ukakamilika 1930, na ofisi ya chama kinachoitunza iko Waterbury Center, kwenye barabara namba 100 utakayopitia. Ingia uulize hali ya njia. Ushauri ni wa bure na hutolewa na watu wanaoujua msitu ule jiwe kwa jiwe.

Mavazi: asubuhi baridi hukaribia kuganda, mchana jua likitoka hufika nyuzi 15 au zaidi, na jioni giza likiingia, kama saa kumi na mbili na nusu mwanzoni mwa Oktoba, baridi hurudi ghafla. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, si koti moja zito. Beba koti la mvua, kofia ya sufu, glovu na soksi za akiba. Khanga mbili ndani ya mkoba zina kazi nyingi: kumfunika mtoto, kukalia benchi lililolowa, kuswalia. Msituni chomeka suruali ndani ya soksi, maana kupe waliokomaa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme huamka tena mwezi Oktoba, na Vermont ni miongoni mwa majimbo yanayoathirika sana. Usiku mkirudi kagueni miili, hasa watoto, nyuma ya masikio na makwapani. Na kwa kuwa msimu wa uwindaji huwa umeanza, vaa kitu cha rangi ya chungwa kali unapoingia porini.

Watu wengi huhangaikia picha, basi nisilipite hilo. Jua la saa sita mchana hufanya majani yaonekane makavu. Siku ya mawingu, hata ya manyunyu, rangi hukolea zaidi kwa sababu hakuna mng'ao unaorudi kwenye macho. Kukiwa na jua, simama upande ambao majani yako kati yako na jua ili mwanga upite ndani yake. Alfajiri baada ya usiku wa baridi na anga safi, ukungu hujaa bondeni na vilima huchomoza juu yake. Uwe umeshafika mahali pako kabla jua halijachomoza, saa moja asubuhi hivi. Ukishapiga kumi, tia simu mfukoni.

Chakula. Hotelini ni ghali na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 inatarajiwa, ndiyo sababu nilisema nyumba yenye jiko. Njiani pita Burlington au Winooski, miji yenye familia nyingi za Wakongo na Wabantu wa Somalia, ununue unga, mchele na nyama ya halali kabla hujapanda mlimani. Kisha ukiwa Stowe na Waterbury nunua vitu ambavyo huku ndiko kwao. Matufaha ya mashambani ni ya kwanza. Juisi ya tufaha iliyokamuliwa siku hiyo, pamoja na donati za moto zilizokandwa kwa juisi hiyo, ni ya pili; ila kwa asiyetumia kilevi, soma chupa vizuri, kwa sababu juisi hiyo hiyo iliyochacha huuzwa rafu moja na ile isiyochacha. Ya tatu ni shira ya mepo. Vermont hutoa karibu nusu ya shira yote ya mepo inayotengenezwa Marekani, na lita moja yake hupatikana kwa kuchemsha takriban lita 40 za maji ya mti. Ukijua hilo hushangai bei. Nunua kwa mkulima mwenyewe, chagua ile nyeusi nzito kuliko ile ya dhahabu, kisha usiku kaanga kaimati na uzichovye ndani yake zingali za moto. Huna haja ya kupika sukari. Iliki kidogo inakubali.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona zito kuliko yote. Msitu unaoutazama haukuwapo miaka 150 iliyopita. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya Vermont ilifyekwa kwa ajili ya kondoo na mbao, vilima vikabaki vipara, mvua ikabeba udongo. Wafugaji walipohamia magharibi miti ilianza kurudi, na leo karibu robo tatu ya jimbo ni msitu. Ukitembea ndani utakutana na kuta za mawe zinazopita katikati ya miti mikubwa bila kuelekea popote. Zilikuwa mipaka ya malisho. Mwaka 1968 jimbo lilipiga marufuku mabango ya matangazo kando ya barabara. Ukiona mlima bila tangazo la soda mbele yake, kuna watu walioamua hivyo.

Watu hao bado wapo, na vingi vya vilima hivyo ni mali yao. Mwaka 2023 mji mdogo wa Pomfret, kusini zaidi ya Stowe, ulilazimika kufunga baadhi ya barabara zake za kijijini kwa wageni kuanzia tarehe 23 Septemba hadi 15 Oktoba. Shamba moja lilikuwa limepata umaarufu mitandaoni, na watu wakawa wanaegesha magari njiani, wanaruka mageti, wanabadilishia nguo kwenye ardhi ya watu ili wapigwe picha. Wakulima hawakuweza kupita kwenda kwenye kazi zao. Kwetu mgeni hapiti uani kwa mtu bila hodi, na desturi hiyo inatosha kabisa huku. Ukitaka kupiga picha ghala la mtu, piga ukiwa barabarani, gari likiwa limeegeshwa mahali palipo rasmi. Ukimkuta mwenyewe, msalimu kwanza. Watu wa Vermont ni wa maneno machache, lakini salamu wanaijibu. Na nunua kwao: Julai 2023 na tena Julai 2024 mafuriko yaliikumba Vermont, yakaharibu mashamba, nyumba na biashara, na kwa wengi mapato ya wiki hizi tatu ndiyo yanayobeba mwaka.

Neno kwa wasio raia. Vermont inapakana na Kanada, na maofisa wa mpaka wana mamlaka ya kufanya ukaguzi hadi maili 100 kutoka mpakani. Stowe imo ndani ya eneo hilo. Sheria ya Marekani inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi atembee na hati yake ya usajili. Beba hati halisi, si picha yake kwenye simu: kadi ya ukaazi, au pasipoti na karatasi za masomo kwa mwanafunzi. Anayefikiria kuunganisha safari na Montreal aangalie kwanza kama anahitaji viza ya Kanada, na ahakikishe kwamba hati zake za Marekani zinamruhusu kuingia tena. Ramani ya simu inaweza kukupeleka mpakani bila wewe kukusudia, hivyo soma vibao.

Wanaokwenda na watoto waongeze siku moja ya kutofanya chochote: maporomoko ya Moss Glen ni mwendo mfupi kutoka maegesho, na kwenye Gold Brook kuna daraja la mbao lenye paa lililojengwa 1844, paa lenyewe likiwa limewekwa ili mvua na theluji visiozeshe mbao za chini. Waliokulia kwenye filamu ya The Sound of Music wanaweza kupita kwenye nyumba ya wageni ya familia ya von Trapp, iliyohamia Stowe katika miaka ya 1940 baada ya kuikimbia Austria. Kutoka pale mandhari ya bonde ni ya bure kwa anayesimama nje kwa adabu.

Kama ningeulizwa na ndugu yangu mwenye pesa ya kiasi na familia ya watu watano, ningemwambia hivi: lala Waterbury au Morrisville, fika Jumatatu jioni, ondoka Ijumaa asubuhi kabla magari ya wikendi hayajaanza kupanda, wiki yoyote kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba isipokuwa ile ya sikukuu. Chumba kikamatwe kabla ya Julai. Mengine mlima utayapanga.